Nani Atakaa Orofa ya Juu

Kichochoro kimoja cha Matrah, mjini Maskati, hakipitishi gari. Hata punda, enzi za punda, aliingia kwa kubembelezwa. Mwisho wake ipo nyumba ya chini na juu aliyoijenga tajiri mmoja wa nguo kabla ya Vita Vikuu vya Pili, kuta zake nene kama magunia ya mchele, dari yake boriti za mikoko. Mwaka wa sabini na nne jamaa wanne waliorudi kutoka Unguja waliinunua kwa shirika, sehemu nne sawasawa, wakaandikiana karatasi wakaitia dole gumba: mtu wa nje asikae humu mpaka wenye sehemu wote wanne wakae naye barazani, wampe kahawa, na kila mmoja atamke kwa ulimi wake kwamba ameridhika. Jamaa hao washakufa. Wamebaki watoto wao, nao ni wazee, na kila Alkhamisi baada ya sala ya alasiri hukutana kwenye baraza ya mawe iliyo mlangoni. Marhoon huja kutoka Mabela. Wanamwita Saa Mbovu, maana tangu azaliwe hajafika mahali kwa wakati. Murshid huja kutoka Al Amerat. Alikuwa karani wa wizara miaka thelathini, akastaafu na jina la Kadhi, ingawa kesi pekee aliyowahi kuisimamia ni ya mbuzi wa jirani. Shaikha huja kutoka Azaiba na kiti chake cha kukunja ndani ya gari. Yeye ni Dirisha, halimpiti jambo. Wa nne ni Bi Nunu, miaka sabini na minane. Huyu hana jina la utani. Hakuna aliyethubutu. Naye peke yake ndiye anayelala nyumba ile.

Alkhamisi hiyo Bi Nunu alitoka na dele la kahawa mkono wa kulia na sahani ya tende mkono wa kushoto, akafungua mlango kwa kiuno kama alivyozoea.

— Nasikia leo yuaja mwengine, alisema Marhoon, aliyefika wa mwisho na kuchukua tende wa kwanza.

— Yuaja, alisema Bi Nunu. Na leo mtie akili vichwani kabla hamjatia kahawa tumboni.

— Sie tuna akili siku zote, alisema Murshid. Ndio maana tumekataa watatu.

Hilo la watatu lilimkaa Bi Nunu kooni kama mwiba wa nguru. Orofa ya juu ilikuwa imekaa tupu miaka kumi na moja, dari imeanza kutema udongo, mpaka Ghadeer, binti wa Shaikha aliyesomea kujenga, alipojitolea kuifufua. Alikaa mwaka mzima na mafundi wake. Wakabandua saruji iliyopakwa baadaye na watu wasiokuwa na subira, wakarudisha chokaa na udongo wa kuchomwa kama ulivyokuwa; wakabadilisha boriti tatu zilizooza na kuzisugua nyengine mpaka zikarudi rangi yake; wakaweka jiko jipya, msala mpya wenye maji moto, na sakafu inayong'aa hata mtu akaona pua yake. Kazi ilikwisha kabla ya Ramadhani. Tangu hapo walikuja watu watatu kutaka kukaa. Wa kwanza aliuliza lifti iko wapi, Marhoon akasema ametukanwa. Wa pili alitikisa finjani baada ya funda moja, ishara ya kwamba ametosheka, Shaikha akasema asiyemaliza kahawa hawezi kumaliza mwaka. Wa tatu alikuwa kijana mpole, hana kosa lolote, na Murshid akamkataa kwa hilo hilo: mtu asiye na kosa ana analolificha.

Wao walicheka. Bi Nunu hakucheka, na hakuwaambia kwa nini. Mwanawe Fahd alikuwa ameshasema, kwa heshima zote, huku amemshika mkono: "Mama, mie siwezi kukuacha peke yako kwenye nyumba tupu. Mwisho wa mwezi huu. Akikaa mtu juu, sikugusi. Isipokaa mtu, nakuja na gari." Chumba kilikuwa tayari kwake Al Amerat, kimetiwa pazia na vyuma vya kushikilia bafuni. Si kwamba Al Amerat kubaya. Kuzuri, kukubwa, pana pa kuegesha. Lakini huko mtu akiishiwa na chumvi huwasha gari. Bi Nunu alizoea kuishiwa na chumvi akatoa mkono dirishani.

Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na sita.

— Jina lake nani huyo? aliuliza Marhoon.

— Balqees, alisema Shaikha. Nimezungumza naye simuni. Sauti yake haina haraka. Aliniuliza anuani mara moja, akairudia yote bila ya kukosea hata herufi. Mtu hajifunzi hivyo nyumbani. Huyo katumwa.

— Katumwa na nani?

— Hoteli. Nshakwambieni. Watu hawa huja mmoja na mkoba. Wiki ya pili waja watano na mashuka meupe. Mwezi wa tatu, da Nunu, utaamka utamkuta mtu ukumbini kavaa taulo, akuulize chai ya asubuhi saa ngapi.

— Atapewa mkate wa jana, alisema Bi Nunu.

— Si hoteli, yakhe, alisema Murshid, akakohoa kikarani. Skizeni. Hoteli wanataka maegesho. Hii ni makumbusho. Nyumba imeshatengenezwa, sivyo? Boriti zishasuguliwa, sivyo? Sasa kinachokosekana ni tiketi. Watapita watu na kamera. Na weye, Bi Nunu, utaambiwa ukae hapo hapo, usitikisike, na ubavuni pako wataweka kibao: mwanamke wa Kizanzibari, akikaanga samaki.

— Na weye watakuandikia: karani, haijulikani alikuwa akifanya nini.

Marhoon alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu.

— Chovya chovya humaliza buyu la asali, alisema akijifuta.

— Yahusu nini hiyo?

— Yahusu kahawa. Niongeze.

Bi Nunu akamwongeza. Aliwajua hawa tangu wakiwa na kamasi. Wakipewa nafasi ya kukisia, huchanja kuni za uongo hata kama hakuna chungu cha kupika.

— Nyote mmekosea, alisema Marhoon, ameinama mbele kama anayetoa siri ya serikali. Mafundi wa Ghadeer walipobandua ukuta, hawakukuta kidaka kilichozibwa?

— Walikikuta, alisema Shaikha.

— Na ndani ya kidaka?

— Bati la biskuti, alisema Bi Nunu. Lina vifungo, sindano mbili na kipande cha chaki ya fundi cherehani. Nnalo jikoni.

— Ndivyo wafichavyo dhahabu, dada yangu. Juu hutia vifungo.

— Juu ya nini? Bati nimelimwaga lote mezani.

— Basi dhahabu imebaki ukutani. Na huyo mwanamke ndiye mjukuu wa yule tajiri wa nguo, ana ramani. Atakaa miezi mitatu, atatoboa, halafu hatumwoni tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Cha juu je? aliuliza Murshid.

— Cha juu sharti apange.

Hapo Shaikha aliweka finjani yake gotini, akashusha sauti.

— Mie silipendi hilo jina.

— Jina lina nini?

— Balqees. Malkia wa Sabaa. Bibi yetu hakutuhadithia? Mama yake alikuwa jini. Watu wakasema miguu yake ni kwato, ndipo Nabii Suleiman akamtandikia sakafu ya kioo. Yeye akadhani ni maji, akanyanyua nguo, wakamwona miguu.

— Qur'ani haikusema kwato, alisema Murshid.

— Mie nnasema alivyosema bibi yangu. Na sie tumeweka nini juu? Sakafu ya kung'aa kama kioo. Mwanangu mwenyewe kaichagua, bila ya kujua. Halafu katika majina yote ya Maskati anatujia Balqees.

Marhoon akavuta ukingo wa kanzu yake juu ya vifundo vya miguu.

— Wanne hamtimizi akili ya mmoja, alisema Bi Nunu.

— Wanne na weye umo.

— Mie nimejitoa.

Ndipo mtu akatoa salamu, nao wote wakashtuka, kwa kuwa walikuwa wakitazama kule anakotokea jini badala ya kule inakotokea njia.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, abaya yake ina vumbi la ngazi za Matrah mpaka magotini, mkoba mmoja begani. Aliwaamkia mmoja mmoja, shikamoo ya kila mtu na jina lake, maana Shaikha alikuwa ameshamtajia wote simuni. Alipofika kwa Bi Nunu aliinama na kuushika mkono wake kwa mikono miwili.

— Kwanza atazame juu, alisema Bi Nunu, ambaye ndiye mwenye funguo. Halafu ndio mumhoji.

Wakapanda wao wawili. Ngazi zile zina vidato kumi na tisa, vya juu virefu kuliko vya chini, maana fundi wa zamani alipunguza mawe akazidisha miguu ya watu. Bi Nunu alikwenda mbele akihesabu kimoyomoyo, si kwa kuchoka, kwa mazoea. Kwenye kidato cha kumi yule mwanamke akasema nyuma yake, kwa sauti ndogo:

— Bibi, samahani. Mimi leo nimefunga, sunna ya Alkhamisi. Nimeona kahawa pale nje. Nisije nikawaudhi wazee.

— Usiwaambie, alisema Bi Nunu bila ya kugeuka. Wote wanakula tangu saa kumi. Ukiwaambia watajiona wabaya, na mzee akijiona mbaya hukasirika. Pokea finjani, iweke chini, sema yako.

Wala hakuwa na nia nyengine alipoyasema hayo. Ilikuwa adabu ya haraka haraka, ya ngazini.

Mlangoni pa orofa Balqees alisimama. Jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani na kulala sakafuni, ikawa sakafu yote inameta kama imemwagiwa ndoo. Akaishika abaya, akainyanyua kidogo, akanyosha mguu kama anayepima kina cha maji.

Bi Nunu, ambaye hasadiki upuuzi, alijikuta amekwisha kuangalia chini. Soksi. Ya kulia imetoboka, kidole gumba kinachungulia.

— Pakavu, alimwambia. Pita.

Hakutoa simu kupiga picha kama wale watatu. Hakuuliza mashine ya hewa baridi ya kampuni gani. Alifungua bomba la jikoni, akangoja, akalifunga, akangoja tena kusikiliza kama linadondosha. Akaweka kiganja ukutani, akakiacha pale.

— Hizi kuta zinanyamaza, alisema. Tunapokaa sasa, Azaiba, jirani akipiga chafya mama yangu humwombea dua.

— Mama yako atapanda ngazi hizi?

— Mama? Atatushinda sote wawili. Anaitwa Mahbuba. Kila siku anatembea mpaka sokoni kununua kitu kimoja, kesho arudi kununua cha pili. Anasema akinunua vyote leo, kesho ataamkia nini?

Bi Nunu aliposhuka alishuka upesi kuliko alivyopanda, na alipofika chini alikuwa na tarehe ishirini na sita kichwani kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Nje, Murshid alikuwa amekaa sawa na kuvaa uso wa ukadhi.

— Karibu. Wewe ni wa nani?

— Balqees binti Saud. Babu yangu alikuwa na duka Urambo, kule Tabora. Tumerudi Oman nikiwa na miaka minne.

— Aa, bara, alisema Shaikha, akaliburuta neno lile kama anaburuta kiti.

— Ndiyo, bibi. Bara hasa. Bahari nimeiona hapa.

— Jogoo la shamba haliwiki mjini, alinong'ona Marhoon, lakini masikio yake yamezibika kidogo, kwa hiyo minong'ono yake husikika mpaka msikitini.

— Si uzuri? alisema Bi Nunu. Ulitaka likuwikie kichwani alfajiri?

Akammiminia mgeni kahawa, akampa finjani. Balqees akaipokea kwa mkono wa kulia, akashukuru, akaiweka chini, juu ya jiwe la baraza, mbele ya magoti yake. Akakunja mikono.

Murshid akaacha kutafuna.

Mwanzo Bi Nunu hakuelewa ameona nini. Alidhani ameng'ata kokwa ya tende. Murshid aliitazama finjani, akamtazama mgeni, akaitazama finjani tena, halafu akamgusa Marhoon kwa kiwiko.

— Ameiweka chini.

— Nini?

— Finjani. Ameiweka chini, hainywi.

Hata Marhoon alikaa wima. Maana jambo hili mtu wa Oman hahitaji kufundishwa, na aliyelelewa Unguja na babu wa Kiarabu ndiye haswa, kwa kuwa alisimuliwa mara mia na hajaliona hata mara moja. Mtu akija kwa wazee na haja nzito, haja ya damu au ya posa au ya kusuluhisha koo, hupewa kahawa akaiweka chini. Haongei. Finjani ndiyo inayoongea. Mwenyeji akiwa mtu, husema: haja yako imepita, kunywa. Akiacha kahawa ya mgeni ipoe hajaitikiwa, aibu hiyo huandikiwa yeye na wajukuu zake.

— Ana haja gani? alinong'ona Shaikha.

— Nzito.

— Anataka nyumba yote, alisema Marhoon.

— Labda posa, alisema Murshid.

— Ya nani?

— Ana mama, alisema Shaikha. Alinambia simuni wanakaa pamoja.

Marhoon, aliyefiwa na mkewe miaka sita nyuma, aliinua mkono akaiweka kofia yake sawa, kisha akajifanya alikuwa anajikuna.

Balqees alikuwa amekaa akingoja maswali, anatazama mbele, hana habari. Kwa watu wanaotaka kuona adabu ya kale, ilikuwa adabu ya kale tupu. Na hapo Bi Nunu alifahamu. Ulimi wake ulikuwa ushafunguka aseme "mwenzenu kafunga, acheni ujinga", akaumeza. Miaka sabini na minane ya kusema kila lililomjia, na siku hiyo akaumeza ulimi, na ulipita vizuri tu, kama uji.

— Yapoa, alisema.

— Nini?

— Kahawa ya mgeni. Yapoa.

Murshid alianza kutoka jasho. Babu yake mzaa baba, huko Unguja, aliwahi kumwacha mtu na finjani mpaka ikaota ukungu, na mpaka leo wapo watu Maskati wakimwona Murshid msibani husema kando: huyo wa ukoo wa kahawa baridi.

— Lakini tunakubali nini? alisema Shaikha. Hata hajasema.

— Hiyo ndiyo adabu yenyewe. Ukingoja aseme umeshamdhalilisha.

— Na akitaka nyumba yote?

— Hataki yote, Shaikha, alisema Bi Nunu. Mtu na mama yake wanakaaje nyumba yote? Amekuja kutaka kukaa juu. Ameitaka kwa heshima, kuliko yule wa lifti. Weye mwenyewe ulisema asiyemaliza kahawa hamalizi mwaka. Huyu hajaanza hata kuinywa mpaka umpe ruhusa. Wataka nini tena, akubusu miguu?

Shaikha alimtazama mgeni, soksi zake zile zimejitokeza chini ya abaya. Kwato hazikuwepo. Kidole gumba kilikuwepo.

Murshid akasimama. Akashika mbele ya kanzu yake.

— Binti Saud, alisema, na sauti yake ikatetemeka kidogo kwa utamu wa jambo. Haja yako imepita. Mimi Murshid nimeridhika.

— Marhoon nimeridhika. Na mama yako pia karibu. Hasa mama yako.

Wakamgeukia Shaikha. Shaikha akakunja mdomo, akaukunjua.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema.

— Na hiyo yahusu nini? aliuliza Murshid.

— Yahusu kwamba nimeridhika. Ngazi zifagiwe kwa zamu.

— Nunu nimeridhika, alisema Bi Nunu, upesi hata neno lake likagongana na la Shaikha. Wanne. Imekwisha.

— Sasa kunywa, mwanangu, alisema Murshid, macho yamemlegea kwa furaha.

Balqees akamtazama Bi Nunu. Bi Nunu akatazama tende.

— Nitakunywa Maghrib inshaallah, babu, alisema Balqees. Mimi leo nimefunga.

Marhoon peke yake aliendelea kutafuna. Halafu hata Marhoon akaacha. Taratibu akachukua leso mfukoni, akaifunika sahani ya tende, kama mtu anayemfunika maiti.

— Umefunga, alisema Murshid.

— Sunna ya Alkhamisi.

— Kwa hivyo ile finjani uliiweka chini...

— Kwa sababu nimefunga, babu.

Shaikha alimgeukia Bi Nunu polepole, kiti chake cha kukunja kikalia.

— Weye ulijua.

— Nlijua amefunga, alisema Bi Nunu. Hayo mengine mmeyajua wenyewe.

— Basi turudi nyuma, alisema Shaikha. Kadhi, yarudi hii?

Murshid alikaa. Alifikiri, mdomo wake ukisoma karatasi isiyokuwepo. Na Bi Nunu alijua kwamba kila kitu kilikuwa kimelala juu ya ulimi wa mtu aliyeamua kesi ya mbuzi.

— Hairudi, alisema Murshid. Karatasi inasema atamke kwa ulimi wake. Haikusema kwa nini. Na mie, alipangusa shingo, mie wallahi nimechoka kukataa watu. Kila Alkhamisi natoka Al Amerat nimebeba sababu mpya.

Marhoon akaanza kucheka. Alicheka kwanza kwa mabega, halafu kwa tumbo, mpaka Shaikha naye akashindwa, akajificha uso kwa ukingo wa shela. Bi Nunu alikaa tu. Alihisi mgongo wake umepata kitu cha kuegemea, akageuka kuona nani, kumbe ni ukuta ule ule.

— Sasa maswali, alisema Shaikha, akijipangusa macho. Maana tumekukubali kinyumenyume. Kazi yako nini?

— Napokea simu, bibi. Watu wakipatwa na jambo, moto au ajali au ugonjwa, wanapiga, sisi tunaokaa chumba cha simu tunapokea. Niko zamu ya asubuhi.

— Ndio ile sauti, alisema Shaikha, ameridhika na nafsi yake. Nlisema haina haraka.

— Na weye una swali? aliuliza Murshid. Ni haki yako. Uliza lolote la nyumba hii. Kila jiwe tunalijua.

Balqees alifikiri. Akautazama mlango, dirisha la Bi Nunu la chini, na gari zao tatu zilizoonekana kule mwanzo wa kichochoro, pua zote zimeelekezwa njia ya kutokea.

— Moja tu. Bi Nunu akiumwa usiku, humgongea nani?

Murshid alifungua mdomo, kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kujibu. Ukabaki wazi. Marhoon akautafuta ufunguo wa gari mfukoni, akaupata, akaurudisha. Shaikha, ambaye halimpiti jambo, alitazama chini kwenye vidole vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

Wote watatu wakamtazama Bi Nunu awajibie, kama alivyowajibia kila kitu tangu utotoni. Bi Nunu akalichukua dele, akalitikisa karibu na sikio. Halikuwa na kitu.

— Swali gumu, alisema Marhoon hatimaye.

— Si gumu, alisema Bi Nunu. Halina jibu tu.

Balqees akainuka, akavua mkoba.

— Nipe funguo, bibi, niende juu. Wewe ingia chumbani kwako, ugonge dari. Nataka kujua kama nikilala nitasikia.

Bi Nunu aliingia. Nyuma yake akasikia Shaikha anamwambia Murshid kwamba huko kwao Azaiba majirani hawajuani hata majina, na Murshid anamwambia hata Al Amerat, hata Al Amerat. Akachukua mchi wa kinu, uliokuwa karibu kuliko ufagio, akasimama juu ya kibago, akagonga boriti mara tatu. Vumbi la chokaa likamwangukia puani.

Juu, mara tatu, zikajibiwa.

Alishuka kwenye kibago, akapiga chafya, akakaa kitandani mchi ungali mkononi. Halafu akatafuta simu chini ya mto na kumpigia mwanawe.

— Fahd, alisema. Unaendesha? Basi sogea pembeni usimamishe gari. Nna habari, na sitaki ugonge mtu.